Sanaa ya sauti kutoka makavazi ya historia ya transijenda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasanii, wahifadhi wa nyaraka, wanafunzi, na yeyote aliyewahi kuingia ukumbi wenye giza, akasikia sauti ya mtu aliyefariki zamani ikimzungumzia maisha yake, akatoka na maswali. Majibu ni marefu pale swali linapoumiza kichwa. Pengine yanatosha maneno machache.

Sanaa ya sauti ni nini? Si muziki tu?

Ni sanaa ambayo malighafi yake ni sauti ya aina yoyote: maneno, pumzi, mlio wa mlango, mvumo wa umeme, hata ukimya. Muziki unaweza kuwamo, lakini si lazima. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mtu wa redio mjini Paris, alichukua milio ya treni iliyorekodiwa akaikata na kuipanga upya. Tangu hapo wasanii wengi wameishika sauti iliyorekodiwa kama mfinyanzi ashikavyo udongo. Kazi inaweza kuwekwa ukumbini kwa spika kadhaa, msikilizaji akatembea katikati yake, au ikasikilizwa kwa vipokea sauti, au ikarushwa redioni.

Kwa kazi zinazotoka makavazini kuna tofauti moja kubwa: udongo huo una mwenyewe.

Neno "transijenda" lina maana gani hapa? Na mnalitumiaje kwa watu wa zamani ambao hawakulijua?

Transijenda ni mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Neno lenyewe ni la juzi tu, lakini watu si wa juzi. Desemba 1394, mjini London, alikamatwa mtu aliyeandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama kama John Rykener, akiwa amevaa nguo za kike na akijiita Eleanor. Alikuwa amefanya kazi ya kushona akiwa Eleanor. Hatujui angejiita nani leo, na si kazi yetu kumwamulia. Tunachofanya ni kusema alichofanya na jina alilojitajia, kisha tunaacha nafasi.

Angalia pia kwamba maneno yake yote yametufikia kupitia kalamu ya karani, tena kwa Kilatini, lugha ambayo karani ndiye aliyeichagua. Msanii anayetaka kuifanyia kazi hati hiyo hana sauti ya Eleanor. Ana sauti ya mahakama peke yake. Kazi ya kweli huanzia kwenye kulikubali hilo.

Makavazi ya aina hii yako wapi?

Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, kina mkusanyo mkubwa sana. Ukizipanga nyaraka zake kwenye rafu moja ndefu, zitapita mita 150. Kwenye intaneti kuna Digital Transgender Archive, iliyofunguliwa mwaka 2016, inayounganisha makusanyo ya taasisi nyingi ili mtu atafute mahali pamoja. San Francisco kuna GLBT Historical Society, jumuiya ya historia ya wapenzi wa jinsia moja na watu wa transijenda, iliyoanzishwa mwaka 1985, na ndiko ziliko karatasi na shajara za Lou Sullivan, mwanamume wa transijenda aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Alifariki mwaka 1991.

Ninaloliona la pekee ni Archivo de la Memoria Trans la Argentina. Wazo lilikuwa la marafiki wawili, Claudia Pía Baudracco na María Belén Correa. Claudia alifariki Machi 2012, wiki chache tu kabla ya nchi yao kupitisha sheria ya utambulisho wa jinsia mwezi Mei. Mwaka huohuo María Belén akaanza kukusanya picha na barua za marafiki zao, wengi wao wakiwa wameshafariki au wako uhamishoni. Makavazi hayo yanaendeshwa na wanawake waliomo ndani ya picha hizo. Anayekuonyesha picha ndiye anayemjua aliyeketi kushoto, alicheka vipi na alipenda wimbo gani. Kwa msanii wa sauti, maelezo hayo ya mdomo yana thamani sawa na picha yenyewe.

Je, humo kuna sauti halisi, au ni karatasi tu?

Nyingi ni karatasi, na sehemu kubwa ya karatasi za zamani ziliandikwa na polisi, madaktari na magazeti. Lakini sauti zipo. Christine Jorgensen, Mmarekani ambaye habari zake zilijaza magazeti Desemba 1952 baada ya upasuaji nchini Denmark, alirekodi mahojiano yaliyouzwa kwenye santuri miaka ya 1950. Billy Tipton, mpiga piano wa jazi aliyeishi kama mwanamume kwa zaidi ya nusu karne, aliacha albamu mbili za mwaka 1957. Jackie Shane, mwimbaji wa soul aliyevuma Toronto, alirekodiwa jukwaani miaka ya 1960, na katikati ya nyimbo alizungumza na umati kwa kujiamini kunakosisimua hadi leo.

Kisha kuna historia simulizi. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi mkubwa wa mahojiano ulioanza chini ya Andrea Jenkins, na New York kuna mradi wa historia simulizi wa transijenda unaoshirikiana na maktaba ya umma ya jiji. Kama ndiyo kwanza unaanza, anzia huko: rekodi ni safi, na wahojiwa walijua wanazungumza kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Nimepata kanda ya zamani na sauti ya mzungumzaji inasikika nyembamba kupita kiasi. Niirekebishe?

Usiguse kwanza. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo madhara mengi yanapofanyika bila mtu kukusudia.

Kaseti ya kawaida hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Kinasa sauti ambacho betri zake zimechoka hukimbia polepole wakati wa kurekodi, na ukiicheza kanda hiyo kwenye mashine nzima, sauti itatoka nyembamba na ya haraka kuliko ilivyokuwa. Mashine ya kuchezea ikiwa ndiyo mbovu, inayojikokota, sauti itatoka nzito. Kanda za rili, yaani utepe ulioviringishwa kwenye gurudumu lililo wazi, zina hatari zaidi kwa sababu zilirekodiwa kwa kasi mbalimbali, na ukiicheza kwa nusu ya kasi yake, sauti hushuka oktavo nzima. Kwa hiyo ni kweli kwamba kanda nyingi zinahitaji kurekebishwa kasi. Swali ni moja tu: utajuaje umefika mahali sahihi?

Mafundi wengi huzungusha kitufe mpaka sauti "isikike sawa". Sawa kwa nani? Fundi amesoma jina kwenye boksi. Likiwa la kike, mkono wake unapandisha. Likiwa la kiume, unashusha. Bila kujua, amemkata mtu sauti akamshonea nyingine inayolingana na dhana yake. Mimi mwenyewe nimelifanya kosa hilo, kwa nia njema kabisa. Mwenye sauti alikuwa bado hai. Nilipomchezea kazi yangu aliniuliza kwa upole yule anayeongea ni nani.

Njia ya haki ipo, na haihitaji kukisia. Mashine iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani huacha mvumo mdogo chini ya maneno. Amerika ya Kaskazini mvumo huo ni mizunguko 60 kwa sekunde, na Ulaya ni 50. Fungua kanda kwenye programu yoyote inayochora masafa ya sauti, utauona kama mstari ulionyooka chini kabisa. Kanda ya New York ikionyesha 63 badala ya 60, inakimbia haraka kwa asilimia 5. Irudishe kwenye 60, kisha ondoa mkono. Kama ilirekodiwa kwa betri, mvumo hautakuwepo. Tafuta ushahidi mwingine: wimbo unaojulikana ukipigwa redioni nyuma ya mazungumzo, au mlio wa simu ya mezani. Ukikosa vyote, iache ilivyo na uandike hivyo kwenye maelezo.

Sababu ya kusisitiza hili ni kwamba sauti ya mtu wa transijenda mara nyingi imefanyiwa kazi ya miaka. Testosteroni hunenepesha nyuzi za sauti, sauti ikashuka na isirudi tena juu. Lakini estrojeni haipandishi sauti iliyokwisha kuvunjika wakati wa balehe, kwa hiyo wanawake wengi wa transijenda wamejifunza kwa mazoezi namna ya kuipeleka sauti wanapotaka ikae. Wengine wamechagua kuiacha ilivyo. Mtu mmoja anaweza kuwa na kanda ya mwaka 1975 na nyingine ya 1990 zenye sauti mbili tofauti, na zote mbili ni zake.

Na mikwaruzo, kikohozi, kelele za umati? Nizisafishe?

Sikiliza kwanza kelele hiyo inasema nini. Juni 1973, kwenye mkutano wa hadhara wa wapenzi wa jinsia moja Washington Square, New York, mwanaharakati wa transijenda Sylvia Rivera alipanda jukwaani kuwatetea wenzake waliokuwa jela. Umati wa watu aliodhani ni wa upande wake ukamzomea. Tukio hilo lilinaswa kwenye video. Ukiisafisha rekodi ile ili maneno yake yasikike vizuri, umefuta kuzomewa, na kuzomewa ndiko kunakoeleza kwa nini sauti yake imekwaruza vile, kwa nini anapaaza, kwa nini anatua. Umati ni sehemu ya hati.

Kwa upande mwingine, si kila mkwaruzo una siri. Vumbi kwenye santuri ni vumbi.

Kasoro moja ya kanda huwa inanigusa. Utepe ukikaa miaka mingi umeviringishwa, usumaku wa tabaka moja huambukiza tabaka la jirani, na unapoucheza unasikia neno kwa mbali sana kabla mtu hajalitamka. Wahandisi hulihesabu kama dosari. Kwenye kazi ya sanaa, kuisikia sauti ikijitangulia namna hiyo kunaweza kubeba dakika nzima peke yake.

Nifanyeje kama tukio halikurekodiwa kabisa?

Agosti 1966, katika mtaa wa Tenderloin, San Francisco, polisi waliingia mkahawa wa Compton's kuwakamata wateja wa transijenda, na mteja mmoja akammwagia askari kahawa usoni. Vyombo vikaruka, vioo vikavunjika, watu wakapigana hadi barabarani. Magazeti hayakuandika, na hata tarehe kamili haijulikani. Mwanahistoria Susan Stryker alikutana na habari hiyo kwenye kijitabu cha maandamano ya wapenzi wa jinsia moja ya mwaka 1972, akaanza kuwatafuta waliokuwepo.

Msanii anaweza kutengeneza sauti ya usiku ule: kikombe, kiti kikiburutwa, kioo. Sioni ubaya, ila msikilizaji aambiwe waziwazi kwamba imetengenezwa. Mimi ningependa zaidi kazi inayowatumia wazee wakikumbuka, kila mmoja kwa namna yake, wakipingana juu ya nani alianza. Kumbukumbu inayopishana ina ukweli ambao kioo kilichovunjwa studioni hakina.

Kwa nini kazi nyingi ni za kuomboleza?

Kwa sababu hasara ni kubwa. Taasisi ya daktari Magnus Hirschfeld mjini Berlin, iliyofunguliwa Julai 1919, iliwatibu na kuwaajiri watu wa transijenda na kujenga maktaba kubwa juu ya maisha yao. Tarehe 6 Mei 1933 wafuasi wa Nazi waliivamia, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa uwanja wa Opernplatz. Anayeingia kwenye historia hii hukutana na majivu mapema sana.

Hata hivyo, nina neno juu ya hilo. Dora Richter alifanya kazi za ndani kwenye taasisi ile, na mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa transijenda kufanyiwa upasuaji wa kuundwa uke. Baada ya uvamizi, jina lake lilitoweka, na kwa miongo mingi iliandikwa kwamba aliuawa siku ile au muda mfupi baadaye. Watu walimlilia kwa dhati. Kisha, katika miaka hii ya karibuni, watafiti waliopekua kumbukumbu wakagundua kwamba aliondoka Berlin na kuishi hadi mwaka 1966. Alizeeka.

Tangu nilipolisoma hilo siweki tena kinanda cha huzuni chini ya jina lolote lililokatika njiani. Ukimya wa nyaraka unamaanisha kwamba nyaraka zimenyamaza, basi. Pengine mtu alihama, akapika chakula cha jioni, akagombana na jirani. Na makavazi yamejaa vicheko pia: sherehe za kuzaliwa, umbea, watu wakifundishana kupaka wanja. Viweke.

Nahitaji ruhusa ya nani?

Mwenye hakimiliki, taasisi inayohifadhi, na mwenyewe mwenye sauti kama yu hai. Hao watatu si lazima wawe mtu mmoja, na ruhusa ya mmoja haikupi ya mwingine. Soma fomu aliyosaini mhojiwa. Mtu aliyekubali mwaka 1985 kanda yake isikilizwe na watafiti ndani ya chumba cha kusomea hakukubali ichezwe ukumbini mbele ya mamia, wala iwekwe kwenye intaneti. Wengine walikuwa wameficha historia yao kwa majirani na waajiri, na baadhi yao bado wanaificha. Rekodi kupatikana bure mtandaoni si kibali cha kuikata vipande.

Kama mwenye sauti amefariki, tafuta marafiki zake kabla ya kuridhika na jibu la jamaa wa damu. Mara nyingi jamaa hao ndio waliomkana.

Naweza kutumia programu ya kompyuta kuiga sauti ya mtu aliyefariki, aseme maneno aliyoandika kwenye barua zake?

Naombwa ushauri huu mara nyingi zaidi siku hizi, na jibu langu ni hapana. Mpe msomaji aliye hai barua hiyo aisome kwa sauti yake mwenyewe, na msikilizaji ajue ni nani anayesoma. Watu hawa walisemewa na wengine maisha yao yote.

Jina la zamani la mtu likisikika kwenye kanda nifanyeje?

Fuata alivyotaka mwenyewe. Wapo waliolitaja jina lao la zamani kwa hiari kwenye mahojiano kwa sababu lilikuwa sehemu ya simulizi, na kulifuta ni kumnyamazisha mtu. Kama limetamkwa na daktari, askari au mtangazaji kwa kumdharau, unaweza kulikata. Ukilikata, acha pengo lisikike. Usizibe kwa ujanja wa kuunganisha, maana pengo lile linasema kwamba hapa palikuwa na kitu.

Mahojiano mengi ni ya Kiingereza na Kihispania. Kuna shida gani kuyatafsiri kwa Kiswahili?

Shida moja, na neema moja.

Hakimu anapomtaja shahidi kwa kiwakilishi cha kiume huku wakili wake akisisitiza cha kike, msikilizaji wa Kiingereza anasikia vita ndani ya sentensi. Kihispania kinaipeleka vita hiyo hadi kwenye vivumishi. Kwa Kiswahili wote wawili watasema "alikuja", "alisema", "yeye", na tusi litapotea kabisa. Mtafsiri asiponyanyua kichwa, atampa hakimu adabu ambayo hakuwa nayo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutumia maneno ya kuitana: hakimu aseme "huyu bwana", wakili ajibu "huyu dada". Hapo msikilizaji anashtuka mahali palepale.

Neema ni kwamba tunapoandika maelezo ya rekodi, lugha yetu haitulazimishi kuamua. Ninaweza kumwandika Eleanor Rykener ukurasa mzima, alishona, alipenda, alikamatwa, alihojiwa, bila kumkata upande wowote. Wahifadhi wanaoandika kwa lugha nyingine hukesha wakitafuta njia ya kufanya hivyo.

Nianze kusikiliza kazi ipi?

Ya Cassils. Kwa ajili ya ONE, makavazi ya historia ya wapenzi wa jinsia moja mjini Los Angeles, msanii huyo, akiona jinsi watu wa transijenda walivyokosekana kwenye nyaraka, alitengeneza onyesho mwaka 2012: gizani kabisa, Cassils hulipiga kwa ngumi na mateke bonge la udongo wa mfinyanzi la karibu kilo 900, na mwanga pekee ni wa kamera ya mpiga picha ikimulika ghafla. Watazamaji huona vipande tu. Baadaye sauti za onyesho hilo zikawa kazi inayojitegemea, inayochezwa kwa chaneli nne: pumzi, mapigo, miguu ikizunguka. Hakuna neno hata moja. Unasimama katikati, na mwili usiouona unakuzunguka ukifanya kazi nzito.

Ninahitaji vifaa gani?

Kompyuta, programu ya kuhariri sauti (zipo za bure), na vipokea sauti vizuri. Kama unahamisha kanda mwenyewe, rekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, na usibane faili. Kanda inayonata inapozunguka, hasa za miaka ya 1970 na 1980, isimamishe mara moja na umpelekee mtaalamu. Ukilazimisha, unga wa sumaku unabanduka na sauti inaondoka nao.

Kazi ya sauti inawafaaje viziwi?

Inawafaa ikipangwa mapema, si siku ya ufunguzi. Chapisha maneno yote, pamoja na pumzi, vicheko na mapengo, na uyaonyeshe kwa mwendo uleule wa sauti badala ya kumpa mtu karatasi mlangoni. Weka spika za besi zikigusa sakafu ya mbao, watu wavue viatu. Puto lililojazwa hewa na kushikwa kwa viganja viwili hupokea mtetemo wa sauti ya mtu vizuri ajabu. Weka kikapu cha maputo karibu na spika, na uwaambie wote wanaoingia, wanaosikia na wasiosikia, kwamba wanaweza kuchukua.